Binti wa Tatu Aliye Juu

Watu wa Bwera tunapanda mlima kila siku, ila hakuna anayeuita upandaji huo matembezi. Unapanda kwenda shambani, kwenda kumjulia hali mgonjwa, kwenda msibani, na ukishamaliza kilichokupeleka unashuka. Ndiyo maana Jumamosi tunapotoka na fimbo mkononi, bila jembe wala kikapu, majirani husimama vibarazani kutukodolea macho. Mmoja aliwahi kuniuliza waziwazi kama nimekunywa kitu. Nilimjibu kwamba nimekunywa chai, na kwamba akitaka na yeye aamke mapema. Mimi si mpole asubuhi.

Kundi letu ni dogo. Kuna shemeji yangu, mume wa dada yangu, wakala wa forodha pale mpakani Mpondwe. Kazi yake ni kuhangaikia malori ya watu mpaka yaruhusiwe kupita, na mwili wake ni wa mtu anayekula chakula cha mchana mara mbili. Daktari alimwambia atembee au azoee sindano, akachagua kutembea, lakini analalamika njia nzima. Kuna Mwalimu, aliyestaafu, anayeishi Kasese mjini na huja Ijumaa jioni kulala kwa binti yake hapa Bwera ili asichelewe. Alizaliwa Kilembe, katika nyumba za mgodi wa shaba, bondeni kule ambako jua hufika kwa kuchelewa, na nadhani ndiyo sababu anapenda sana kuwa juu. Kisha kuna fundi cherehani. Yeye ni mwanamke Mkongomani wa upande wa Butembo, aliyevuka mpaka wakati watu wa kwao walipokuwa wanakimbia vita, na sasa anashona kwenye baraza ya duka langu. Mimi nauza vitenge; anayenunua kwangu hana haja ya kwenda mbali kutafuta wa kumshonea. Tulianza kama majirani wa biashara, tukaishia kugombana na kupatana kama watu waliozaliwa nyumba moja.

Kwa kawaida anayechagua njia ni Mwalimu, kwa kufuata ndege anaowataka. Jumamosi ninayotaka kuisimulia, njia aliichagua fundi.

Wiki hiyo mwanamke mmoja anayeshusha maharage kutoka milimani kuja kuyauza Mpondwe alikuwa amekuja kupimwa gauni. Katika mazungumzo akasema kwamba kule juu, kijiji cha mwisho kabla ya msitu mkubwa, kuna mwanamke wa Kongo aliyeolewa huko, anaongea Kiswahili kama cha fundi, tena ni binti wa tatu. Fundi aliangusha tepu ya kupimia. Yeye ni binti wa kwanza kwao, na mdogo wake ni binti wa tatu. Walipoteana siku ya kukimbia: fundi alivutwa juu ya lori lililokuwa linakuja huku, mdogo wake akasukumwa na umati upande mwingine, na tangu siku hiyo hajasikia sauti yake wala hajakutana na mtu aliyemwona.

Inabidi nieleze kwa nini habari ile ilinikasirisha badala ya kunifurahisha. Kwetu Wakonzo, na kwa ndugu zetu Wanande wa ng'ambo, mtoto hachaguliwi jina. Jina linamngoja. Binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu ana lake, na wavulana vivyo hivyo, kila nyumba, kila kilima, pande zote mbili za mpaka. Ukilisikia jina la mtu unajua kazaliwa wa ngapi, lakini bado hujui ni nani. Simama katikati ya soko la Mpondwe uite jina la binti wa tatu, uone shingo zitakazogeuka. Kwa hiyo sihangaiki kuandika jina la mtu yeyote hapa, maana lingewaambia zamu yake tu.

"Hilo si jina la mtu mmoja," nilimwambia fundi mteja alipoondoka. "Hilo ni jina la nusu ya wilaya."

"Niko najua, mama," alinijibu, ameinamia cherehani. "Lakini mudogo wangu na yeye iko ndani ya ile nusu."

Nilishauri tutafute kwanza namba ya simu ya huko. Muuza maharage hakuwa nayo, na alisema simu za kule hushika mtandao ukipanda juu ya mwamba fulani, siku isiyo na ukungu. Basi tukakubaliana kwenda wenyewe. Mwalimu alisema njia hiyo hajawahi kuipita na ndege wake watakuwa wengine. Shemeji aliuliza tu kama watu wa huko hupika mchana.

Tulitoka Bwera mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto Lhubiriha. Fundi alikuwa na mfuko mgongoni, na mfuko huo ulikuwa unanuka. Ndani mlikuwa na makayabo, wale samaki wa chumvi ambao Wakongomani hawawezi kukaa mbali nao. Mdogo wake, alituambia, alikuwa akiwapenda mpaka anaficha vipande chini ya kitanda. Shemeji alikataa kutembea nyuma yake.

"Shemeji," aliniambia, "huyu mama nanuka kama lori ya samaki ilikaa kastomu wiki mbili."

"Basi pita mbele, papa, tukuone," fundi akamwambia; kwao kila mwanamume mzima ni papa, yaani baba.

Akapita mbele kwa kishindo. Baada ya kona chache alikuwa nyuma tena, ameshika kiuno.

Sehemu ya chini ya mlima ni mashamba: kahawa chini ya migomba, muhogo, mistari ya mikalitusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo. Katika kila ua turubai lilikuwa limetandazwa na kahawa juu yake, na kila ua ulikuwa na mbwa mwenye maoni yake kuhusu sisi. Wanawake walikuwa wanateremka kwenda sokoni. Huku kwetu mzigo hauwekwi juu ya kichwa. Kikapu kinakaa mgongoni na mkanda wake unapita kwenye paji la uso, ili mikono ibaki huru kushika unapoteleza. Tuliwaamkia, "Wabukire," nao wakatuitikia wameinamisha shingo chini ya mkanda, wakatuuliza tunakwenda wapi. Kila mara fundi aliuliza habari za mwanamke wa Kongo aliyeolewa kule juu.

Wote walikuwa wanamjua. Mmoja alisema ni mrefu. Mwingine alisema ni wa kadiri, tena mnene kidogo. Mwingine alisema ana sauti nzuri kanisani, na hapo fundi alinishika mkono akaufinya, kwa sababu mdogo wake aliimba kwaya. Nilitaka kumwambia kwamba katika milima hii hata mbuzi wanaimba kwaya. Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu.

Mashamba yanapoisha, njia inapita ukingoni mwa msitu, na pale tulimkuta askari wa misitu amekaa juu ya gogo, bunduki magotini, anakula muhogo wa kuchemsha.

"Nyinyi nakwenda wapi?" aliuliza bila kuinuka.

"Tunatembea tu, afande," alisema Mwalimu.

"Tembea fanya nini?"

Mwalimu akaanza kumweleza habari za ndege. Askari alimsikiliza kidogo, kisha macho yake yakahamia kwa shemeji, ambaye shati lake lilikuwa limeloa kama lililotolewa kwenye beseni.

"Na huyu muzee, nani nalazimisha yeye?"

Tulicheka, shemeji peke yake ndiye hakucheka. Fundi akasogea mbele akamwambia ukweli, kwamba anamtafuta mdogo wake. Askari alimeza muhogo wake, akasimama, na sauti yake ikawa nyingine. Alisema anamjua huyo mama, ni bibi ya yule mtu wa kahawa. Tufuate njia iliyo chini ya miti, tusiingie ndani, tuvuke kijito, tukiona mahindi tumefika. Alipomaliza alimpa fundi kipande cha muhogo kilichobaki.

Chini ya miti kulikuwa na baridi nzuri. Sijui niseme nini kuhusu msitu ule ila kwamba nilifurahi kuwa ndani yake. Dukani kwangu nasikia siku nzima honi za malori na redio za watu watatu tofauti. Pale nilisikia maji yanadondoka kutoka jani moja kwenda jingine. Kuvumwani ilikuwa imefunika mashina hadi juu, na mimea ile mikubwa inayofanana na minazi midogo ilikuwa imesimama kando ya kijito ikiwa na majani mapya yaliyojikunja. Mbega walitupita juu na mikia yao myeupe. Mwalimu aliinua mkono, sote tukaganda: juu ya tawi kulikuwa na ndege mkubwa wa kijani, na alipofungua mabawa ndani yalikuwa mekundu kabisa. Tungemwona zaidi kama shemeji asingekuwa anapumua. Ndege alimsikia, akaondoka zake.

Mbele kidogo shemeji aligoma kabisa. Tawi lililokatiza njia lilikuwa na kinyonga, wale wa milima yetu wenye pembe tatu usoni. Shemeji ni mtu anayewafokea maofisa na madereva wa nchi mbili, lakini kinyonga hapana. Alirudi nyuma mpaka akaegemea mti, akasema huyo mdudu akimtazama kwanza kabla yeye hajamtazama, basi safari haina heri. Nilimwambia ameshatazamwa, amalizie tu. Fundi akanyoosha fimbo yake, akamngoja kinyonga ajishikize mguu mmoja baada ya mwingine, akamhamishia kwenye kichaka. Alikuwa na haraka kuliko sisi sote, lakini kwa kinyonga alikuwa na subira.

Tulitokea upande wa pili wa miti jua likiwa juu. Kutoka pale unaona nchi mbili kwa pamoja na huwezi kusema moja inaishia wapi: mabati ya Mpondwe yanang'aa, uwanda wa mbuga, Ziwa Edward limetulia chini ya joto, na Kongo inaendelea tu, kilima baada ya kilima. Nyuma yetu mawingu yalifunguka kidogo, theluji ikaonekana, yakafunga tena. Mwalimu alivua kofia. Fundi hakutazama Kongo wala theluji. Alikuwa anatazama juu ya korongo, ng'ambo ya kijito, ambako palikuwa na shamba la mahindi na paa chache nyuma yake.

Shemeji alikaa juu ya jiwe. "Mimi nimefika," alisema. "Ile ingine ni ya kwenu."

Sasa, kitu kimoja kuhusu watu wa milimani. Habari fupi hatuipelekei miguu. Mtu anasimama upande mmoja wa korongo, anaweka viganja mdomoni, anaita, na neno la mwisho analivuta mpaka lifike. Anayesikia anaipokea na kuipandisha kwa mwingine. Shemeji amezaliwa katika milima hii na kifua cha kazi hiyo anacho. Kabla yeyote kati yetu hajajua anachotaka kufanya, alikuwa amesimama juu ya jiwe lake na ameliita jina la binti wa tatu kwa sauti iliyonifanya nizibe masikio.

Kisha sauti ya mwanamke ikaitika kutoka kwenye maharage, mkono wa kulia. Kisha sauti nyingine, ya kizee, ikaitika kutoka kushoto. Kisha ya tatu ikaitika nyuma yetu, chini kabisa, na nadhani huyo alikuwa mmoja wa wale tuliowaamkia asubuhi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwalimu alikuwa anafuta machozi. Hata fundi alikuwa amefunika mdomo.

"Unamtaka yupi?" iliuliza sauti ya mkono wa kulia, kwa Lhukonzo.

"Wa Kongo!" shemeji akajibu, amenogewa. "Mwambieni dada yake mkubwa amekuja!"

Kicheko kilikatika. Fundi alimgeukia.

"Papa! Juu ya nini unasema vile? Hatuyue kama njo yeye!"

Lakini maneno yalikuwa yameshapokelewa. Sauti ya mkono wa kulia iliyarusha juu, sauti nyingine ikayadaka, na tukayasikia yanapanda mlima bila sisi, dada yake mkubwa amekuja, dada yake mkubwa amekuja, mpaka yakapotea nyuma ya migomba. Nilimwambia shemeji maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa dada yangu anaweza kuyasoma. Alisimama pale juu ya jiwe, mikono imening'inia. "Nilitaka saidia tu," alisema. Na kweli alitaka kusaidia. Yeyote aliyekulia huku angefanya vilevile, hata mimi kama ningekuwa na pumzi.

Fundi alikuwa ameshaondoka. Yeye ambaye siku zote hukaa nyuma na mimi tukisemana, alishuka korongoni kama maji. Nilimkuta kwenye kijito amepiga magoti ananawa uso. Alijipangusa kwa upindo wa kitenge, akanigeukia.

"Uso wangu iko muzuri?"

"Uko mzuri," nilimwambia, na nilikuwa na hofu kuliko yeye.

Tulikuwa hatujafika hata katikati ya mteremko wa mahindi tulipomwona. Mwanamke alikuwa anateremka mbio. Kikapu alikuwa amekitupa huko alikotoka lakini mkanda bado ulikuwa kwenye paji la uso, ncha zake zinaruka mabegani, miguu imejaa udongo wa shamba hadi magotini. Alikuwa anakimbia bila kutazama anapokanyaga, kama mtoto anavyokimbia. Fundi alitupa mfuko chini akakimbia kupanda. Na mimi, mtu wa kusema nusu ya wilaya, niliamini. Niliamini kwa mwili mzima. Nilijisikia nikisema kwa sauti, ndiye, ndiye.

Kisha yule wa juu akapunguza mwendo. Kisha fundi naye akapunguza. Bado walikuwa na umbali kati yao, na hakuna aliyeweza kugeuka kurudi, kwa hiyo waliendelea kutembea polepole kila mmoja kumwelekea mwenzake, mpaka wakasimama, wanahema.

"Banasema yaya amekuya," alisema yule mwanamke. Yaya, kwao, ni ndugu mkubwa.

"Weye njo wa tatu?" fundi aliuliza, ingawa alikuwa anaona.

"Njo miye. Yaya wangu alibakia Beni. Sijue kama iko muzima."

"Mudogo wangu alipotea mu njia," fundi alisema.

Nilitazama pembeni, maana niliona aibu kusimama hapo na macho yangu. Wiki nzima tulikuwa tumezungumza habari za ndugu mmoja aliyepotea. Haikunijia hata mara moja kwamba huko juu kuna mtu mwingine, analima mahindi, naye ana wake anayemngoja, na kwamba sisi ndio tungemtoa mbio shambani. Fundi alikaa chini palepale njiani akalia. Yule mwanamke alikaa kando yake, mkanda ungali usoni, naye akalia. Niliokota mfuko wa makayabo nikaukumbatia kwa kukosa la kufanya.

Shemeji ndiye aliyefika mwisho. Alipoona, alielewa mara moja, akavua kofia.

"Mama," alimwambia yule mwanamke, "nisamehe. Ni mimi."

Alimwinulia macho. "Njo weye ulipiga ile kelele?"

"Ni mimi."

Alimtazama tangu viatu hadi kipara. "Uko na sauti, papa," akasema, na machozi yakiwa bado yanamtoka akaanza kucheka, na fundi akamfuata, na shemeji akabaki amesimama katikati yao bila kujua kama amesamehewa.

Nyumbani kulikuwa kumeshakuwa na sherehe. Habari ilikuwa imefika kabla yetu, majirani walikuwa wamejaa uani, na mama mkwe wa yule mwanamke, bibi mfupi mwenye shati la kiume juu ya gauni, alikuwa ameshika kuku kwa miguu, kichwa chini. Aliuliza dada mkubwa ni yupi kati yetu. Mkwe wake akamweleza kwa Lhukonzo, taratibu, kwamba kuna makosa, mgeni huyu si ndugu yake, ni Mkongomani mwingine tu aliyepotelewa. Bibi aliwaza, kuku akining'inia.

"Huyu ni wa kwanza?" aliuliza, akimwonyesha fundi kwa kidevu.

"Ni wa kwanza," nilimjibu.

"Na wewe ni wa tatu," akamwambia mkwe wake.

"Ndiyo, mama."

"Basi nini kimeharibika? Kuku ameshaambiwa."

Akaenda naye nyuma ya jiko, na mambo yakaisha hapo. Tulikaa barazani tukanywa kahawa ya shamba lao wenyewe, nyeusi, yenye tangawizi. Mwenye nyumba alikuwa ameteremka na magunia ya kahawa, kwa hiyo aliyetoa amri zote alikuwa bibi. Fundi alitoa makayabo, yule mwanamke alipoyanusa alifunga macho akasema kitu kwa Kinande ambacho sikukishika, na wote wawili wakaingia jikoni. Kutoka hapo tuliwasikia. Walikuwa wanauliziana Butembo: baridi ya asubuhi, soko, parokia gani, mkate wa nani ulikuwa mzuri. Mara kwa mara mmoja alipiga kelele na mwingine akacheka.

Chakula kilipokuja, bundu, ugali wetu wa muhogo, likitoa mvuke, sombe ya kisamvu, makayabo, na kuku aliyeambiwa, shemeji alinyoosha mikono apewe maji ya kunawa. Bibi alimpita. Alimpa mkwe wake birika na beseni, akamwelekeza kwa fundi kwanza, kabla ya wanaume, kabla ya Mwalimu mwenye mvi. Binti wa tatu anamnawisha binti wa kwanza, alisema, tena anapiga goti. Yule mwanamke akapiga goti. Fundi alinawa polepole sana, maji yakaisha kwenye birika, na sisi tukangoja yaletwe mengine.

Mchana ule ulikuwa mzuri, na nataka niuseme hivyo hivyo. Mwalimu alilala chini ya upenu, kofia usoni. Shemeji alipewa reki ya mbao akawa anageuza kahawa kwenye turubai, na watoto wa jirani wakimwomba aite tena, naye akikataa kwa heshima. Mimi nilikaa na bibi, tukala matunda ya pasheni, na kwa kuwa sote wawili hatuna subira tulipatana sana. Fundi na yule mwanamke walikaa ukutani, mabega yamegusana, wanachambua maharage. Kila mmoja alikuwa anamweleza mwenzake wa kwake anavyofanana. Mdogo wa fundi anatumia mkono wa kushoto, ana mwanya, akitembea hutangulia watu. Yaya wa yule mwingine ni mrefu, ana kovu la moto juu ya kiwiko, anacheka bila sauti. Fundi anakaa mpakani, wanakopita watu wa kila aina. Mwenzake anakaa juu, na wapo wanaokimbia kupitia njia za msituni. Walirudia mpaka kila mmoja aliweza kuyasema ya mwenzake bila kukosea, wakasahihishana kama watoto wa katekisimu.

Jua lilipoanza kushuka upande wa Kongo tuliaga. Huku kwetu mgeni anasindikizwa, na umbali unasema kitu. Mgeni uliyechoka naye unamwacha mlangoni mwa ua. Rafiki unamfikisha kwenye maji. Yule mwanamke alitushusha mahindi yote, akavuka kijito nasi, akapanda upande wa pili anaongea na fundi kwa sauti ya chini, na hakusimama mpaka tulipofika kwenye miti. Shemeji na Mwalimu walitangulia. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, kwa sababu nilitaka kusikia, na sioni aibu kulisema.

"Yaya," alisema yule mwanamke. "Kama ungelijua haiko yeye, iko miye, ungekuya?"

Fundi alifikiri. Ningekuwa mimi, ningedanganya.

"Apana," alisema. "Singekuya."

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kuumia, alionekana kama mtu aliyeulizia bei na kupewa ya kweli.

"Na sasa?"

"Sasa niko najua njia," fundi akamwambia. Akamfunga upya kitambaa kilichokuwa kimelegea kichwani, tukaingia msituni.